Wenzetu wamegoma, nami nina maelekezo matano yanayogongana. Nifuate lipi?

Binti_Ujiji

Habari za jioni wadau. Naandika nikiwa Ujiji, Kigoma, nyumbani kwa mama. Ametolewa mtoto wa jicho, nikaomba siku 10 katika likizo yangu ya mwaka nimuuguze, zikakubaliwa kwa maandishi. Chuo ninachofundisha ni cha binafsi, kiko mkoa mwingine. Jina naomba libaki kwangu.

Mimi ni mhadhiri wa ajira ya kudumu, huu mwaka wa tisa. Waliogoma si sisi. Ni wahadhiri wa muda na wakufunzi wasaidizi wa mkataba, wale wanaobeba semina zote za mwaka wa kwanza na wa pili na kusahihisha majaribio. Wanadai mambo mawili: malipo ya mihula 2 ambayo hayajatoka, na malipo ya saa moja ya kufundisha yapandishwe. Chama kinasema walipita kwenye usuluhishi, wakapiga kura, wakatoa notisi. Utawala unasema mgomo ni batili.

Tangu Jumatatu simu yangu haijatulia. Kwanza ilikuja barua ya Naibu Mkuu wa Chuo upande wa taaluma: vipindi viendelee kama ratiba ilivyo, wahadhiri wa kudumu tugawane semina zisizo na mwalimu, tusahihishe jaribio la pili na kuingiza alama kwenye mfumo ndani ya wiki 2. Nimepangiwa makundi 3. Moja ni la takwimu, somo ambalo mara ya mwisho nililigusa nikiwa mwanafunzi.

Jumanne mkuu wa idara akatuma sauti WhatsApp: fundisheni masomo yenu tu, msiguse ya wenzenu, mengine niachieni mimi. Jumatano Mkuu wa Kitivo akaandika kwamba semina zisimame kabisa na kosiweki, yaani alama za kazi za muhula kabla ya mtihani, ihesabiwe kwa kazi zilizokwisha kusahihishwa. Maana yake jaribio la kwanza peke yake libebe alama zote 40. Alhamisi afisa utumishi: asiyesaini daftari la mahudhurio kuanzia Jumatatu atahesabiwa amegoma, na siku zake zitakatwa. Chama nacho, ambacho mimi ni mwanachama wake, kinasema usisahihishe kazi ya aliyegoma wala usiingize alama zake.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya barua zote. Mmoja wa waliogoma nilimsimamia tasnifu yake mwenyewe, na ni mimi niliyemshawishi abaki afundishe. Juzi alinipigia. Hakuniomba kitu. Aliuliza tu mama anaendeleaje.

Na upande wa pili nina wanafunzi wa mwaka wa tatu wasio na kosa lolote. Naombeni ushauri wa kweli, hasa kwa waliowahi kupitia hali hii.

Mzee_wa_Mwanga

Mwanangu, pole kwa kuuguza, mpe mama salamu zetu. Mimi ni afisa kazi mstaafu. Si wakili, kwa hiyo haya niliyonayo uyapeleke pia kwa mwanasheria wa chama.

Chuo cha binafsi kinaangukia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Chini ya sheria hiyo mgomo unalindwa ikiwa mgogoro ni wa maslahi, yaani wa kudai masharti mapya, umepelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, muda wa usuluhishi umepita bila mwafaka, wanachama wamepiga kura, na mwajiri amepewa notisi ya saa 48. Kufundisha hakumo katika orodha ya huduma muhimu kama maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege.

Sasa rudi kwenye madai ya wenzako. Kupandishiwa malipo ya saa ni mgogoro wa maslahi, huo unaweza kugomewa. Malipo ya mihula 2 yaliyokwisha kufanyiwa kazi ni malalamiko ya haki, yaani kudai kilichokwisha kuwa chako. Hayo sheria inayapeleka CMA na mahakamani, si kwenye mgomo. Bila shaka utawala umeshika nusu hii ya pili ndiyo maana unasema batili, na chama kimeshika ile ya kwanza. Ndiyo chanzo cha barua zako kugongana.

Kwa nini hili likuhusu wewe? Kwa sababu kwenye mgomo halali sheria inakataza kutumia nguvukazi mbadala. Mgomo ukiwa batili, katazo hilo halina mahali pa kusimama. Na hata ukiwa halali, wanasheria watabishana kama mhadhiri wa kudumu aliyeongezewa kundi la mwenzake ni nguvukazi mbadala au la. Usijipe kazi ya hakimu. Pia usikatae kwa mdomo, maana ukaidi uliokithiri ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi. Andika, uliza, omba jibu la maandishi kutoka ofisi moja yenye mamlaka.

Kuhusu daftari usitetemeke. Uko likizo iliyoidhinishwa, huwezi kuhesabiwa umegoma. Mtumie afisa utumishi nakala ya fomu leo hii, usisubiri Jumatatu.

Katonga_Mashua

Mimi nitasema tofauti na naomba msinielewe vibaya. Mzazi wa Kigoma anauza dagaa msimu mzima ili mtoto afike chuo. Muhula ukirefuka, kodi ya chumba inaongezeka, chakula kinaongezeka. Dada, ukiweza kufundisha lile kundi, lifundishe. Madai ya mishahara yatamalizwa na wakubwa, lakini mtoto akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo ambalo hakufundishwa, nani atamfidia?

Semina_ya_Jioni

Kaka Katonga, nakuheshimu, ila mimi ni mhadhiri wa muda katika chuo kingine, kwa hiyo naomba usikie na upande huu. Muhula jana nilifundisha makundi 4, nikatunga majaribio, nikasahihisha karatasi mpaka saa 7 usiku. Malipo yalitoka baada ya miezi 8. Katika miezi hiyo watoto wangu nao walikuwa wanasoma shule. Mhadhiri wa kudumu akiingia darasani kwangu na kusahihisha karatasi zangu, uongozi unaona kazi imekwenda bila mimi, na siku ya kunilipa inasogea mbele tena.

Kitu kimoja wengi wetu hatukijui: kuitwa "wa muda" hakukuondolei haki. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inataja vigezo, na kimojawapo kikitimia unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kigezo kimoja ni kumfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa za maandalizi na za kusahihisha tuziandike, tusihesabu za darasani pekee.

Dada Binti, huyo kijana wako hakukuomba kitu kwa sababu anakuheshimu. Mwambie ukweli wa unachofanya kabla hajausikia kwa wengine.

Mwaka_wa_3

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, na mgomo kama huu ulitukuta mwaka jana. Kilichotuumiza si kukosa semina, ni kutoambiwa. Asubuhi tunasikia jaribio lipo, mchana halipo. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, liliisha muhula ukiwa haujaisha, wengine wakarudi makwao kisha wakaitwa kwa siku 2 waje wafanye mtihani. Na mwalimu mgeni alisahihisha insha zetu kwa mwongozo asioujua. Alama zilipobishaniwa hakuna aliyeweza kuzieleza. Madam, ukiingia darasani kwako, tuambie unachokijua, hata kama ni kidogo.

Mwalimu_Kasulu

Mwaka 2012 nilikuwa nafundisha sekondari huku Kasulu. Mgomo wa Chama cha Walimu Tanzania, CWT, ulianza tarehe 30 Julai, na tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaubatilisha. Siku chache tu hizo, lakini barua za kujieleza zilikuja baadaye, wakati watu wamekwisha kusahau nani alisema nini. Mkuu mmoja alituambia kwa mdomo tubaki nyumbani kwa usalama, na alipoulizwa hakumbuki. Aliyenusurika kwetu ni mwenzetu mmoja aliyekuwa na daftari la kurasa 40: tarehe, saa, nani kasema, kwa njia gani. Hiyo sauti ya WhatsApp ya mkuu wa idara ihifadhi, kisha mwandikie: "Nimekuelewa hivi, nirekebishe kama sivyo." Asipokujibu, ujumbe wako bado upo.

Lake_Breeze_KSM

Pole sana kutoka Kisumu. Kwetu Kenya wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia 17 Septemba 2025 hadi 5 Novemba, siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2021 hadi 2025. Tuliporudi, kwangu shida kubwa ilikuwa alama. Kuna masomo ambayo mtu fulani alikuwa ameingiza kitu kwenye mfumo ili tu nafasi isibaki wazi, na kuzifuta alama ni kazi ngumu kuliko kuziingiza. Huo mpango wa jaribio moja kubeba 40 uulize umepitishwa na kikao gani. Mkuu wa Kitivo peke yake kwa kawaida hana uwezo wa kugeuza mgawanyo wa alama katikati ya muhula. Hilo ni la Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo.

Binti_Ujiji

Nimesoma yote, mengine mara mbili, na nimelia kidogo kwa maneno ya Semina_ya_Jioni. Asanteni. Kaka Katonga, nimeyasikia pia ya kwako, baba yangu alikuwa mvuvi wa Kibirizi, najua ada inatoka wapi.

Nimeandika hivi, kwenda kwa Naibu Mkuu wa Chuo, nakala kwa Mkuu wa Kitivo, mkuu wa idara, afisa utumishi na chama:

"Nimepokea barua yako ya Jumatatu kuhusu makundi 3 ya semina. Nimepokea pia maelekezo ya idara, ya kitivo na ya utumishi, ambayo hayapatani na barua hiyo, kama nakala zilizoambatishwa zinavyoonyesha. Nitaendelea kufundisha na kusahihisha masomo niliyopangiwa mwanzoni mwa muhula mara likizo yangu itakapoisha Jumatano. Kuhusu makundi ya wenzangu, naomba ufafanuzi wa maandishi: ni maelekezo yapi yanasimama, nani atawajibika na usahihi wa alama, na kama Seneti imeridhia mabadiliko ya kosiweki. Kundi la takwimu siwezi kulifundisha kwa kiwango ambacho mwanafunzi anastahili, na naomba hilo lizingatiwe. Sitagusa alama za makundi hayo mpaka nipate jibu."

Mzee_wa_Mwanga

Barua nzuri. Rekebisha sentensi moja. "Sitagusa" inasomeka kama kukataa. Andika "Nasubiri mwongozo wako kabla ya kugusa alama za makundi hayo." Maana ni ileile, lakini huko mbele hakuna atakayekuambia uligoma. Na wakikukata siku za likizo, una siku 60 kulipeleka CMA kwa Fomu Namba 1. Hesabu tangu siku ya makato, usije ukabembelezwa mpaka zikapita.

Katonga_Mashua

Dada, kwa barua hiyo nimerudi nyuma hatua moja. Hao wa takwimu nilikuwa sijawafikiria. Kufundishwa na asiyejua si msaada.

Binti_Ujiji

Nimebadilisha sentensi na nimetuma saa 3 usiku huu. Afisa utumishi amejibu tayari: jina langu limeondolewa kwenye orodha ya Jumatatu kwa sababu ya likizo. Naibu Mkuu wa Chuo bado. Mkuu wa idara amenipigia akanung'unika kwamba nimeambatisha sauti yake. Nikamwambia mkuu, umesema jambo jema, liandike. Amesema ataitisha kikao cha idara Alhamisi.

Kijana wangu nimempigia kabla sijatuma, nikamsomea barua yote. Alikaa kimya, kisha akasema zile karatasi za jaribio la pili anazo kwake, zimefungwa kwenye bahasha, hajazisahihisha wala hajazipoteza, na mgomo ukiisha atazimaliza kwa wiki moja. Nimemwomba aandike hivyo kwa idara ili wanafunzi wajue kazi yao ipo.

Mama amefunguliwa bandeji leo. Ameniona tangu mlangoni. Naondoka na basi la Jumanne alfajiri, nitarudi hapa jibu likifika.