Mchango wa lazima wa hifadhi ya jamii: ni mali yangu au ni kodi?

Mwanzisha mada: Wakuu, mshahara wangu unakatwa mchango kabla sijaugusa. Sikusaini popote, na kujitoa siruhusiwi. Bima ni mkataba, na mkataba bila ridhaa si mkataba. Mtu mzima aachwe ajipangie uzee wake. Wa kushurutishwa ni wale wanaomaliza mshahara wiki ya kwanza.

Mama Wawili: Mimi humaliza wiki ya kwanza. Nalea wanangu wawili na watatu wa marehemu dada yangu. Futa hiyo kauli.

Hoja Nzito: Ndugu, unatafuta mkataba mahali usipokuwepo. Wajibu huu unazaliwa na sheria: ukiajiriwa tu, u mwanachama. Ikiwa hiari, wenye afya watakaa pembeni, watabaki wagonjwa, michango itapanda mpaka mfuko ufe. Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya iliyaona haya mwaka 1993, pale Poucet na Pistre wa Ufaransa walipokataa kuchangia mifuko ya lazima. Ilisema mifuko hiyo inasimama juu ya mshikamano, si biashara, kwa hiyo sheria za ushindani wa kibiashara haziihusu.

Mwanzisha mada: Mshikamano wa kushikiwa fimbo! Hata Bismarck wa Ujerumani, mwanzilishi wa haya mambo, nadhani aliweka pensheni miaka 65 akijua wengi hawatafika.

Mzee wa Kumbukumbu: Ilikuwa 70, kwa sheria ya 1889. 65 ilikuja 1916. Tena usiruke bima ya ajali ya 1884: michango yake ilibebwa na waajiri.

Mwanzisha mada: 70 ndiyo mbaya zaidi! Asante kwa kunisaidia.

Mama Wawili: Bado hujafuta.

Hoja Nzito: Tuache miaka. Swali ni kama ulichochanga ni chako. Nestor, mhamiaji, alifanya kazi Marekani, akachangiwa miaka 19, akafukuzwa nchini 1956 kwa kuwahi kuwa Mkomunisti, na pensheni ikakatwa. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya huko ikasema hana haki ya mali juu yake. Lakini 1996 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikampa ushindi Gaygusuz, Mturuki aliyechangia Austria kisha akanyimwa msaada kwa sababu si raia. Hiyo ikaitwa mali.

Mwanzisha mada: Miaka 19 halafu hana chake? Hicho ndicho ninachokiogopa! Mama Wawili, kauli naifuta. Nilikosea.

Mama Wawili: Nimepokea. Sasa nijibuni na mimi. Miaka niliyoacha kazi kulea, hakuna aliyenichangia hata senti. Sheria inaniona sikufanya kitu?

Mzee wa Kumbukumbu: Ujerumani humhesabia mzazi miaka mitatu ya pensheni kwa kila mtoto aliyezaliwa tangu 1992.

Mama Wawili: Na wa dada yangu je?