Lori lililobeba spika za kampeni ndilo linalobeba parachichi zetu. Huyu ni mbunge wa nani?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkulima wa parachichi huku Rungwe, miti ya Hass, si mingi. Nimetoka kwenye mkutano wa hadhara wa mbunge wetu natetemeka kwa hasira. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Msimu huu kampuni inayonunua kijijini kwetu imetukata "ushuru wa halmashauri" kwenye kila kilo. Risiti ninazo. Huo ndio ushuru wa mazao, na kisheria analipa mnunuzi. Tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na hela hiyo inatakiwa itoke mfukoni mwa anayenunua, siyo kwa mama aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuchuma kwenye ukungu. Hapo sijagusa rijekti. Wanachambua mbele yako, wanakwambia tunda lina kovu, wanalisukuma pembeni, jioni gari jingine linakuja kuzizoa zote kwa bei ya bure.

Leo baba mdogo wangu akasimama, akauliza kwa heshima zote: "Mheshimiwa, huu ushuru mbona tunakatwa sisi?" Hakujibiwa. Aliambiwa tuache kuwavunja moyo wawekezaji. Meneja wa kampuni alikuwa meza kuu, kiti cha pili kutoka kwa mheshimiwa. Baba mdogo ana miaka 71, amesomesha watoto sita kwa jembe. Akaketi kimya kama mtoto aliyekaripiwa, na watu wakaangalia chini.

Wakaangalia chini kwa sababu wanajua. Wakati wa kampeni, lori lile lile linaloleta kreti ndilo lililozunguka na spika. Namba zake tunazijua, tunalipakia kila msimu. Zikaja fulana, kofia, mafuta ya bodaboda, wali nyama. Tukala. Na mimi nilikula, sitawadanganya. Leo tunadaiwa ule wali kwa kila kilo tunayopima.

Jambo hili si geni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu mambo haya kwa jina zuri la takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi inayomtaka mgombea aeleze fedha zake ni kiasi gani na zimetoka wapi. Sawa. Mimi mpiga kura wa kijijini naisomea wapi taarifa hiyo? Kwenye ubao wa ofisi ya kata yetu kuna tangazo la chanjo ya mbwa na orodha ya michango ya madarasa. Ya aliyemlipia mheshimiwa sijawahi kuiona.

Kuna watakaosema hata Marekani ndivyo ilivyo. Ni kweli, mwaka huo huo wa 2010 Mahakama ya Juu yao, majaji 5 kwa 4, iliruhusu makampuni kumwaga fedha kwenye uchaguzi bila kikomo mradi yasipange pamoja na mgombea, na wapo Wamarekani wanaoupigia kelele uamuzi huo mpaka leo. Ugonjwa wa jirani haunifanyi niupende wangu.

Wazee wanakumbuka miiko ya Azimio la Arusha, 1967: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Ikalegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Sidai turudi kwenye foleni za sukari. Wawekezaji waje, wanunue, wapate faida, sina kinyongo na faida ya mtu. Lakini anayepanga bei ya tunda langu asiwe ndiye aliyemnunulia mafuta ya gari mtu niliyemtuma akanitetee. Hapo mimi nimebaki na nani?

Ninachotaka ni vitu viwili. Ushuru tuliokatwa urudishwe, risiti kwa risiti. Na fomu za gharama za uchaguzi zibandikwe kila kata, zisomeke kwa Kiswahili, kila mchangiaji kwa jina.

Barua tumeiandika leo usiku kwa taa ya simu, tuko 34 tuliosaini, Jumatatu inakwenda halmashauri. Ndugu wa Njombe, Mufindi na Busokelo, kwenu ushuru anakatwa nani? Na lori la kampeni lilikuwa la nani? Wekeni hapa.