Naendesha baiskeli chuoni: nipite lami au njia ya waenda kwa miguu?

Mwaka_wa_Pili: Wakuu, habari za jioni. Nasoma chuo kimoja hapa Dar na nakaa nje ya hosteli, hivyo kila siku naenda kwa baiskeli. Ukiingia getini kuna mteremko mrefu hadi maktaba. Jumanne nilikuwa nashuka, daladala imesimama kituoni, nikaipita kwa kulia. Binti akatokea mbele ya ile daladala, madaftari kifuani, hakunisikia kabisa. Nikabana breki zote mbili, tairi la nyuma likayumba, mpini ukampiga mkononi. Hakuumia sana, namshukuru Mungu, lakini yowe lake bado liko masikioni mwangu.

Tangu siku hiyo napita njia ya waenda kwa miguu, nako nakemewa. Nikirudi lamini, magari na bodaboda yananibana mpaka kwenye mtaro. Nipite wapi jamani?

Spoki36: Pole sana mdogo wangu. Pita lamini, kushoto, ila usiung'ang'anie mtaro. Ukijibanza pembeni kabisa, dereva anadhani nafasi ya kupenya ipo. Acha kama mita moja. Magari yaliyoegeshwa yapite kwa umbali wa mlango uliofunguliwa. Daladala ikishusha, subiri nyuma yake. Ukilazimika kupita njia ya miguu, shuka ukokote.

Halafu huo mteremko. Kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa unakwenda karibu mita 7 kila sekunde. Mpaka vidole vishike breki, hizo mita 7 zimeshaisha. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa, raba za breki zikilowa hazishiki mara moja.

Bajaji_Bluu: Mimi ni dereva, nashusha wanafunzi humo humo chuoni. Wanangu, kioo changu cha pembeni kinatosha kiganjani. Ukinipita kushoto wakati abiria anashuka, sikuoni, na yeye hakuoni. Usiku wengine hawana hata taa. Na sisi tuna makosa, nakiri: tukiona abiria ng'ambo tunageuza pale pale bila kuashiria.

Fimbo_Nyeupe: Naomba na mimi nisikilizwe. Sioni, natembea kwa fimbo, na barabara naivuka kwa masikio. Bajaji naijua ikiwa mbali. Baiskeli inayoteremka haitoi sauti, na hizi skuta za umeme ndiyo zaidi: nasikia upepo tu, nayo imeshanipita begani. Ndugu yangu, kengele ipige mapema, ukiwa bado nyuma. Ukinipigia mgongoni nashtuka, na nikishtuka sijui nirukie upande gani. Bora useme kwa mdomo, "napita kulia kwako." Nikisikia hivyo nasimama, nawe unapita kwa amani.

Na tafadhalini, msiziegeshe skuta katikati ya njia ya miguu. Muhula uliopita fimbo ilipita chini ya mpini, kifua changu ndicho kilichougundua.

Kona_ya_Maktaba: @Fimbo_Nyeupe pole sana, hilo la skuta sikuwahi kulifikiria.

Mleta uzi, hili usilibebe peke yako. Lipelekeni kwa serikali ya wanafunzi: tuta kabla ya kituo, na kibao cha 30 kuanzia getini. Tamko la Stockholm la Februari 2020, lililotoka kwenye mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, linataka kasi isizidi kilomita 30 kwa saa mahali watembea kwa miguu na wapanda baiskeli wanapochanganyika na magari mara kwa mara. Chuoni ndiko huko hasa. Na kituo kikisogezwa kikae baada ya kivuko, anayeshuka atavukia nyuma ya daladala, mahali anapoonekana.

Mwaka_wa_Pili: Asanteni sana, wote. @Fimbo_Nyeupe, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Baiskeli yangu haina kengele, niliinunua hivyo hivyo. Kesho napitia kwa fundi kabla ya kipindi cha saa mbili. Hilo la kituo nitaliandikia barua. Kuna mwenzangu wa chuo hicho aliyeko tayari tuisaini pamoja?

Fimbo_Nyeupe: Niandike wa kwanza.