Vepu ya kurekebisha wati: nibaki nayo, nihamie podi au nisuke koili mwenyewe? (Tanga)

Makorora_Boy
Wakuu, habari za jioni. Mjomba karudi likizo kutoka Dubai, kaniletea vepu (sigara ya umeme) ya boksi, ile unayopandisha na kushusha wati mwenyewe, kuanzia 5 mpaka 80. Lengo langu ni kuachana na sigara, maana hata mama mwenye nyumba ameshaanza maneno kuhusu harufu. Mashine ni mpya kabisa lakini inanitoa jasho.

Vitu vyenyewe: inatumia betri moja ya 18650 (zile za duara ndefu). Haikuja na betri, nikatafutiwa moja na fundi simu wa huku Ngamiani, kaichomoa kwenye betri ya laptop iliyokufa. Tangi la juisi lina koili (waya na pamba vinavyochemsha juisi) ya omu 0.3 ndani, na ndani ya boksi kuna ya akiba, 1.2. Juisi nimeagiza Dar, chupa ya mililita 30, imeandikwa 50/50 na nikotini ya chumvi miligramu 50 kwa mililita.

Nikiweka wati 40 kwenye ile 0.3, pafu mbili tu nakohoa mpaka machozi, kichwa kinazunguka. Inakoroma, juisi inavuja chini ya tangi, suruali imelowa. Nikafunga ile 1.2, pafu la kwanza tu nikala ladha ya pamba iliyoungua. Skrini nayo mara inaniambia niangalie atomaiza (lile tangi na koili yake), mara betri dhaifu, na nimetoka kuichaji muda si mrefu.

Naona njia tatu. Nibaki na mashine ninunue koili nyingine, niuze nichukue podi ndogo (vepu ya mfukoni isiyo na wati za kurekebisha), au kuna jamaa ananishawishi ninunue waya na pamba nisuke koili mwenyewe, eti ndiyo nafuu. Mliotangulia nisaidieni kulinganisha.

Dereva_Kange
Uza, chukua podi, maisha yaendelee. Mimi niko barabarani Tanga–Arusha, sina muda wa kubonyeza vitufe kutafuta wati. Podi unavuta, inawaka yenyewe, unarudisha mfukoni. Betri iko ndani, hakuna kuhangaika na mafundi wa laptop.

BintiRaskazone
Kaka Makorora, usiuze kwanza. Jibu moja: ulipofunga koili ya 1.2 uliteremsha wati?

Makorora_Boy
Hapana dada, niliiacha palepale 40. Nilidhani wati ni kama sauti ya redio, ukipenda unapandisha.

BintiRaskazone
Basi mashine yako haina ubovu hapo. Wati hazichaguliwi kwa kupenda, zinachaguliwa na koili. Itoe hiyo koili uizungushe ubavuni, utaona maandishi madogo yamechongwa kwenye chuma: omu zake (ukinzani wa umeme), na chini yake wati kutoka ngapi mpaka ngapi. Koili za 1.2 nyingi zinataka kati ya 10 na 15. Ukiiamuru mashine itoe wati 40 kwenye omu 1.2, inajaribu kupandisha volti mpaka karibu 7 (zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili, ndiyo volti). Waya unawaka kuliko pamba inavyoweza kunyonya juisi, pamba inaungua. Na ikishaungua imeungua, usidanganywe uichemshe au uiloweke kwenye spiriti. Ladha ile haitoki.

Kwa hiyo koili moja lazima ununue, njia yoyote utakayochagua. Ila nunua ya 1.2 au ya 1.0 ya tangi hilohilo, usichukue nyingine ya 0.3. Sababu iko kwenye chupa yako.

Juisi ya 50/50 ina maana nusu ni propilini glaikoli na nusu ni glisarini ya mimea. Hiyo ni nyepesi. Koili ya 0.3 ina matundu makubwa ya kuingizia juisi, imetengenezwa kwa juisi nzito, glisarini asilimia 70 kwenda juu. Ukiipa nyepesi inafurika, ndiyo maana inakoroma na kukulowesha suruali. Halafu nikotini ya chumvi ya 50 haivutwi kwa koili kubwa hata siku moja. Koili ya 0.3 inatoa moshi mwingi unaoingia moja kwa moja kifuani, pafu moja linabeba dozi ambayo mvuta sigara hajaizoea. Kichwa kuzunguka hapo si ajabu. Kwa kulinganisha tu, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya kisheria mwisho ni miligramu 20 kwa mililita.

Koili ya 1.2 inavutwa kama sigara: unajaza kinywa kwanza, ndipo unashusha. Moshi mdogo, na juisi nyepesi ndiyo chakula chake. Kwa hiyo njia yako ya kwanza ukiifuata vizuri, hiyo boksi inageuka kuwa podi ya Dereva_Kange, ila yenye betri ya kutosha.

Dereva_Kange
Yenye uzito wa nyundo pia. Ongezea hapo.

FundiRedio_Barabara12
Nyie mnajadili koili, mimi jicho langu liko kwenye betri. Makorora, piga picha hiyo betri, upande wa juu penye alama ya kujumlisha, uweke hapa.

Makorora_Boy
Nimeweka, fundi. Ngozi yake ya zambarau imechubuka kidogo pembeni, ila inafanya kazi.

FundiRedio_Barabara12
Nimeiona. Itoe kwenye mashine sasa hivi, usiiweke karibu na sarafu wala funguo.

Wengi hawajui kwamba kwenye 18650 kopo lote la chuma ni hasi. Siyo kitako tu. Hasi inapanda ubavu mzima mpaka ukingo wa juu, inakaribiana kabisa na kile kichwa cha chanya. Kinachotenganisha ni ile ngozi ya plastiki na kipete chembamba cha karatasi. Ngozi ikichubuka hapo juu, kipande chochote cha chuma kinaweza kuunganisha chanya na hasi, na betri ya lithiamu ikipiga shoti mfukoni hupati nafasi ya kufikiri. Kuvisha ngozi mpya ni kazi ya dakika chache, ila kwa hiyo yako sikushauri uhangaike, na sababu ni hii.

Betri za laptop zimeundwa kutoa umeme polepole. Wewe ukiweka wati 40 na betri iko volti 3.6, unaichomoa ampea 11 na zaidi. Ikiwa imezeeka, volti zinaporomoka pale unapobonyeza, mashine inaona imeshuka chini ya kiwango inasema betri dhaifu. Ukiachia, volti zinapanda tena, unabaki unashangaa. Fumbo la skrini yako ndilo hilo. Kwenye wati 12 ingehitaji ampea tatu na kitu tu, isingelalamika, lakini hiyo bado si ruhusa ya kuitumia ikiwa imechubuka.

Tafuta mpya yenye ampea 20 za kudumu, ya kampuni inayojulikana. Na ukikuta imeandikwa 9900 mAh (ujazo wa chaji), rudisha mezani uondoke. Hakuna 18650 ya namna hiyo duniani, nyingi zilizo bora ziko kwenye 3500 hivi. Mtu aliyedanganya hapo atakuwa amedanganya na ampea.

Msuka_Koili
Huyo jamaa anayekushawishi usuke huenda ni mimi, haha. Natetea hoja yangu kidogo: koili za dukani huku hazipatikani kirahisi, ukiishiwa unasubiri mzigo wa Dar. Ukiwa na tangi la kusuka, waya wa kanthal (waya wa kupashia joto) na pamba vinakukalisha muda mrefu, na gharama kweli inashuka.

Lakini kwa hali yako nasema subiri. Kusuka kunataka tangi la aina yake (hilo lako la koili za kubadilisha halikubali), kunataka kipima omu, na kunataka ujue betri yako inastahimili ampea ngapi kabla hujazungusha waya. Mtu aliyeanza na betri ya laptop akisuka koili ya 0.15 halafu apige wati 60, hapo kwenye koili zinapita ampea 20. Sitaki kuwa sehemu ya stori hiyo.

Makorora_Boy
Asanteni. Fundi, betri nimeitoa. Na ile ya kuangalia atomaiza?

FundiRedio_Barabara12
Hiyo ni mguso. Fungua tangi, tazama pini ya katikati kwenye mashine na ile ya kwenye tangi. Juisi iliyovuja imeteremka hapo ikaganda. Pangusa kwa pamba yenye spiriti, hesi pia, acha zikauke. Angalia koili yenyewe imekazwa ndani ya tangi, maana wengi wanakaza tangi tu. Kaza kwa vidole, siyo kwa koleo. Ukilazimisha unaididimiza pini chini na ugonjwa unakuwa wa kudumu. Na kama unakaa upande wa baharini, pangusa mara kwa mara. Hewa ya chumvi haina huruma na shaba.

Nesi_Mstaafu
Makorora mwanangu, mimi sivuti chochote, nasoma tu. Hiyo chupa yako unaiweka wapi? Mililita 30 mara miligramu 50 ni miligramu 1,500 za nikotini, na inanukia embe. Mtoto mdogo akionja kidogo tu ni wa kukimbizwa hospitali. Ikikumwagikia mkononi osha kwa sabuni, inapenya kwenye ngozi. Na siku ile kichwa kilipozunguka, ulikuwa umevuta na sigara?

Makorora_Boy
Shikamoo mama. Iko dirishani. Na ndiyo, nilikuwa nimevuta moja kabla.

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Toa dirishani, weka juu kabatini pasipo na jua wala mtoto wa jirani. Na ukisikia kichefuchefu, jasho la baridi au moyo kwenda mbio, weka chini hiyo kitu, usijaribu kumalizia pafu. Kuvuta vyote viwili kwa pamoja hakukupunguzii kitu, unaongeza dozi. Kama unahamia, hamia. Nikotini bado ni nikotini, nayo ina uraibu, kwa hiyo panga pia siku ya kuishusha. Na wadogo zenu wasiovuta sigara wasiguse kabisa, hii haikutengenezwa iwe pambo.

Dereva_Kange
Mama kasema kweli. Narudi kwenye ulinganisho, maana uzi ulikuwa huo. Mkishajumlisha betri mpya, chaja, koili na juisi nyingine, hiyo boksi ya bure inakaribia bei ya podi mpya. Bado sijashawishika.

BintiRaskazone
Kwa mwezi wa kwanza uko sahihi, kaka. Baada ya hapo hesabu inageuka. Betri ya ndani ya podi ikichoka, unatupa podi nzima. Ya 18650 unabadilisha betri peke yake. Na umeme ukikatika usiku, mwenye boksi anachomeka betri ya akiba aliyoichaji mchana. Ila nakubaliana na wewe kwenye jambo moja: kwa mtu anayefanya kazi ya kutembea na hataki kujifunza kitu, podi inatosha. Makorora ameshaipata mashine bure na anauliza maswali, huyo hahitaji podi.

Makorora, koili mpya ikifika usiifunge ukavuta hapohapo. Dondoshea juisi tone moja moja kwenye yale matundu ya pembeni yanayoonyesha pamba, matone machache mpaka pamba ibadilike rangi. Funga, jaza tangi, liache limesimama dakika 10. Washa, teremsha wati mpaka 9 *kabla* ya kubonyeza. Vuta pafu chache, panda wati moja moja. Ukifika mahali ladha imekolea na moshi una uvuguvugu, bakia hapo. Kwangu huwa 12 au 13. Pete ya hewa pale chini ya tangi ifunge mpaka ibaki tundu dogo. Pumzika kati ya pafu na pafu, ukifululiza unaikausha pamba hata kwa wati sahihi.

Na kagua kama skrini imeandika W. Ikiwa imeandika C, umeingia kwenye hali ya kudhibiti joto badala ya wati, na hiyo haifanyi kazi na waya wa kanthal.

Makorora_Boy
Mrejesho wakuu. Betri nimepata mpya, koili ya 1.2 imekuja na basi la asubuhi kutoka Dar. Pini nimepangusa, kulikuwa na uchafu mweusi wa kutosha. Nimeloanisha, nimesubiri, nimeanza 9, sasa niko 12. Haivuji, haikoromi, skrini imenyamaza. Kikohozi kipo kidogo.

BintiRaskazone
Kikohozi hicho ni cha nikotini ya 50. Chupa ikiisha chukua 20 ya 50/50 hiyohiyo.

Makorora_Boy
Na ile koili ya 0.3 niitupe?

Msuka_Koili
Kama haijaungua usitupe. Isafishe kwa maji ya moto, iache ikauke siku nzima, weka kwenye kikopo. Siku ukipata juisi nzito ya 70/30 yenye nikotini ya kawaida ya 3, ifunge, anzia wati 30, fungua hewa yote. Usiipe hiyo chumvi tena.

Dereva_Kange
Kwa hiyo hiyo 12 inakaa muda gani kwa chaji moja? Nauliza tu.

FundiRedio_Barabara12
Betri nzima ya 3000 kwa wati 12 ni kama dakika 50 za kubonyeza mfululizo, na hakuna anayebonyeza mfululizo. Kwa mvutaji wa kawaida siku nzima inafika. Ukija mjini pitia, nina chaja ya betri mbili hapa dukani.