Tupeane uzoefu: pakiti za lishe za watoto zikiadimika, tuzitumieje zisipotee? (Lamu, Malindi)

Mwenye mada
Asalaam aleikum wana jamvi. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na Julai 1 mwaka huo huo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa. Viwanda vya Mana na Edesia, vinavyosaga karanga ya lishe huko huko Marekani, ile ya pakiti za watoto wenye utapiamlo mkali, viliamriwa kusimama, kisha amri ikafutwa. Hapo ndipo mtu wa stoo ajue hawezi tena kuagiza kwa mazoea. Walio zahanati, stoo na vijijini, leteni ujuzi wa kazi. Visa vya nyumbani tuviweke kando, hapa twataka vipimo.

Bahari ya Faza
Anza na hesabu. Pakiti moja ni gramu 92, kalori 500. Katoni ina pakiti 150. Mtoto wa kilo 7 hula takriban 3 kwa siku, yaani 21 kwa wiki, kwa hivyo katoni moja humtosha wiki 7 hivi, na hapo ndipo wengi huwa wameshapona. Agiza kwa idadi ya watoto na kilo zao. Ukiagiza kwa kukisia "katoni kumi zatosha", utaumbuka.

Wa visiwani, agizeni kabla upepo wa kusi haujachafua bahari. Katoni ni kilo 13.8 za chakula kitupu bila boksi, na boksi likirowa maji ya chumvi huachana chini. Funika kwa turubai, na stoo weka juu ya chaga, mbali na ukuta, panya hawachelewi. Inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, hata kama iliingia jana.

Mpima Mkono
Pakiti nyingi hupotelea kwenye kipimo kibovu cha mzunguko wa mkono. Ni mkono wa kushoto, mtoto wa miezi 6 hadi 59. Kunja kiwiko, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, tia alama, kisha *unyooshe mkono uning'inie* ndipo uzungushe utepe. Wengi hupima mkono ungali umekunjwa. Utepe ukikaza hadi ngozi ikakunjamana, mtoto mzima anaingia kwenye rangi nyekundu ya utepe, ya utapiamlo mkali. Ukilegea, mgonjwa anarudishwa kwao. Chini ya sm 11.5 ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa wastani. Bonyeza pia juu ya miguu yote miwili, si chini ya nyayo, kwa dole gumba sekunde 3: vishimo vikibaki, ni mkali hata mkono ukiwa mnene.

Dada wa Marafa
Nyongeza kwa mama: kunyonya kwanza, pakiti baadaye, na maji safi ya kunywa pembeni kwa sababu karanga ile hukausha koo. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mafuta yakijitenga kwa joto, minyaminya pakiti kabla ya kufungua. Usiichanganye kwenye uji. Na asigawiwe ndugu yake. Hapo dozi huvunjika, kisha tunasema dawa haifanyi kazi. Mwambieni na baba na nyanya wa mtoto, si mama peke yake.

Kijana wa Mpeketoni
Samahani wakubwa, simsim na karanga tunazo. Tusisage wenyewe?

Mpima Mkono
Kwa mwenye utapiamlo mkali, la, mdogo wangu. Ile ya pakiti ina maziwa ya unga, sukari, mafuta, na vitamini na madini yaliyopimwa. Karanga ya sokoni ikiwekwa penye unyevu hupata sumukuvu, na ukitia maji vijidudu huzaana. Kwa wa wastani, uji mzito unaokaa kijikoni ni msaada: bakuli moja tia kijiko cha chai cha mafuta (kalori 40 hivi), kijiko cha simsim iliyosagwa, na samaki aliyepondwa. Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, lazima irowekwe itoke chumvi. Tui la nazi zito nalo ni zuri. Chai ya rangi mezani ondoa, huzuia madini ya chuma.

Bahari ya Faza
Tena, pesa si yote. Mwaka huo huo wa 2025 biskuti za lishe za msaada wa Marekani karibu tani 500 zilibaki ghala la Dubai hadi zikaisha muda, zilikusudiwa Afghanistan na Pakistan. Chakula kilikuwapo, aliyekosekana ni wa kutia saini usafirishaji. Hata kwetu, katoni zaweza kukaa Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, kwa kukosa mafuta ya boti. Bajeti ya kaunti iwe na safu ya usafiri.

Dada wa Marafa
Mwisho, dalili za kumpeleka hospitali bila kungoja: hataki kula pakiti hata kidogo mbele yako, anatapika kila kitu, homa au mwili baridi, amelegea, anapumua haraka. Akiwa na fahamu na safari ni ndefu, mpe ml 50 za maji ya sukari: kijiko cha chai kimoja cha sukari kilichojaa kwa vijiko vya chakula 3 na nusu vya maji, kidogo kidogo. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni. Na usimwondoe kwenye daftari kwa wiki moja nzuri: mkono ufike sm 12.5, bila uvimbe, wiki mbili mfululizo.