Tupeane uzoefu: umefika kliniki, unaambiwa "chanjo hamna, rudi wiki ijayo"

Mama Rayyan, Makorora: Leo nimerudishwa tena na mtoto wa miezi tisa. Sindano ya surua-rubela imekwisha, mara ya pili hii. Nauli ya bodaboda imekwenda bure. Wenzangu wa Tanga mnafanyaje?

Bint Pangani: Shoga, usibweteke. Wangu alirudishwa mara mbili. Kwanza dawa hamna; pili tulikuwa watoto watatu tu, nesi hakufungua kichupa. Ramadhani ikaingia, nikasema nitakwenda baada ya Idi. Siku ya saba ya mfungo akaamka macho mekundu, mafua, homa naisikia mpaka juu ya kanga niliyombebea. Mama mkwe akakataza asiogeshwe. Upele ukaanzia nyuma ya masikio, ukashuka usoni, kifuani. Ziwa akalikataa. Akawa anahema mbavu zinaingia ndani. Tulivuka mto usiku kwa mtumbwi, nimemfunika, nasikiliza tu kama bado anapumua. Hospitali wakamwekea oksijeni, wakampa matone ya vitamini A. Daktari akaomba kadi. Kwenye surua peupe, pembeni tarehe mbili za penseli: "arudi", "arudi". Alipona, alhamdulillah, ila jicho la kulia lina ukungu hadi leo.

Ummu Zuhura: Pole sana dada. Nimelia.

Kaka Mkonge: Uzembe wa manesi! Kufungua kichupa kunawashinda nini?

Nesi Mstaafu: Usitutukane mwanangu. Kichupa cha surua-rubela ni dozi 10, cha kifua kikuu 20. Ukishakichanganya na maji yake, saa 6 zikipita unamwaga hata kama zimebaki dozi tisa. Nikiwafungulia wawili leo, mzigo mpya haujafika, keshokutwa wanane wanakosa. Na vyote vinataka nyuzi 2 hadi 8. Jokofu likizima unakesha nalo.

Kaka Mkonge: Mzazi wa Kigombe atayajuaje hayo? Si mumwambie siku ya kuja?

Nesi Mstaafu: Hapo una haki.

Mama Mapacha: Kusanyaneni. Sisi Mwakidila tulikwenda majirani saba siku moja, kichupa kikafunguliwa.

Saidi wa Pongwe: Wahini saa moja asubuhi.

Ummu Zuhura: Ukiwahi utakaa kwenye benchi kusubiri watoto watimie. Nenda saa nne.

Saidi wa Pongwe: Saa nne dawa imeisha! Tena akipita miezi tisa ndo basi.

Nesi Mstaafu: Si kweli! Hata ana mwaka apelekwe, na ya pili ni miezi 18.

Mzee Tongoni: Mdogo wangu mguu ulisinyaa kwa polio, anatembelea gongo. Nchi hii haijapata mgonjwa wa kirusi chenyewe cha asili tangu 1996. Wajukuu zangu hawaujui ugonjwa huo, ni yale matone ya chanjo.

Mama Rayyan: Nimeulizia kituo kingine, mzigo umefika leo. Kesho saa mbili. Tuko wanne, mwenye mtoto Makorora anifuate pale sokoni, aje na kadi.