Mjakaranda niliokata mwaka jana unakauka kuanzia juu, na chini kumeota uyoga. Nishaurini

Kamba na Msumeno (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Mimi ni mkata miti hapa Nakuru, mwaka wa nne sasa. Sikusomea popote. Nilianza kwa kumshikia kamba jirani yetu, na alipoacha kazi nikanunua msumeno wake wa injini. Kupanda najua, kuteremsha tawi zito bila kuvunja bati la mtu najua. Kinachonishinda ni kuujua mti mgonjwa, na sasa kimeniletea shida.

Mwaka jana mama mmoja wa Milimani aliniita nimpunguzie mjakaranda ulio kando ya lango lake. Matawi yalikuwa yamefika kwenye paa. Akasema, "Kata yote, ubaki mfupi." Nikakata vichwa vyote, matawi mengine yana unene wa paja, na vidonda nikavipaka rangi ya mafuta kama nilivyofundishwa. Mvua ziliponyesha ukachipua vizuri.

Juzi akanipigia simu. Upande wa nyumba majani yamekuwa madogo, ya manjano, na matawi yanakauka kutoka nchani kurudi nyuma. Nilipoinama nikaona uyoga mgumu umejishika shinani karibu na ardhi, mpana kama sahani, mgongo unang'aa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, ukingo mweupe. Mama anasema panga langu ndilo lililoleta ugonjwa. Naumia kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimetoka kukata mwembe uliokuwa umekauka, na sikuosha chochote.

Je, ni mimi niliyeuua? Unaweza kutibiwa? Na nyinyi mnautambuaje mti mgonjwa kabla ya kupanda? Watoto wa shule hupita chini yake kila asubuhi.

Fundi wa Nyalenda (Kisumu)

Kaka, pole. Kabla mtu hajakujibu, tueleze ya chini. Hapo shinani pana udongo wazi au pana kabro, yale matofali ya kutandika uani? Kuna mtu aliyechimba mtaro wa maji au wa ukuta miaka ya karibuni? Unapougonga unalia vipi? Wengi wetu tukiitwa tunatazama juu tu, kwenye matawi, kwa sababu ndiko kazi iliko. Ukweli wa mti uko magotini.

Kamba na Msumeno

Pana kabro, mkuu. Mama anasema iliwekwa miaka mitatu iliyopita, na mafundi walikata mizizi "michache" upande wa nyumba ili ardhi iwe sawa. Kugonga sijagonga.

Mzee wa Londiani

Mwanangu, mimi nimestaafu kazi ya misitu. Jibu la swali lako la kwanza liko kwenye hiyo kabro. Upande unaokauka ndio upande uliokatwa mizizi. Mzizi uliokatwa ni mlango, na kuvu waozeshao mbao huingia hapo.

Kwa unavyoueleza, uyoga huo unafanana sana na Ganoderma, kuvu aozeshaye mizizi na shina. Huo unaouona nje ni tunda tu. Mwili wake uko ndani ya mbao, na huchukua miaka kabla ya kutoa tunda. Kwa hiyo haukuletwa na panga lako la mwaka jana. Ukiung'oa uyoga huo, mti haujapona, ni kama kuchuma embe ukidhani umeng'oa mwembe. Dawa ya kunyunyiza haipo.

Lakini sitakuficha, kazi uliyoifanya juu nayo iliudhoofisha. Mti uliopoteza mizizi ukaunyima na majani, ulitarajia ule nini? Vidonda vya unene wa paja haufungi hata kwa miaka kumi. Na vile vichipukizi vilivyokufurahisha vimeshikwa na ganda la nje tu, vikinenepa huvunjika kwa upepo.

Usipande kwanza. Pita na nyundo ya mpira au mgongo wa shoka, gonga kuzunguka shina lote kuanzia chini. Mbao nzima hujibu kwa mlio mfupi, mkavu. Iliyooza hulia kama mtungi mtupu. Panapolia hivyo, sukuma bisibisi ndefu uone inaingia kiasi gani.

Fundi wa Nyalenda

Naongezea kuhusu rangi. Acha kupaka rangi, acha na oili chafu. Hata mimi nilipaka miaka mingi. Mti hauponi kama ngozi yetu, unajenga ukuta ndani kuzuia uozo usisambae. Mmarekani Alex Shigo alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili kuuona ukuta huo. Rangi hufungia unyevu humo humo.

Ukuta huo unategemea unapokata. Tazama tawi linapotoka shinani, kuna uvimbe wenye mikunjo kama shingo ya ng'ombe. Usiukate, na usiache kisiki kirefu mbele yake. Tawi zito nalikata mara tatu: kwanza chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, robo ya unene tu; kisha juu, mbele kidogo ya pale, tawi lianguke bila kuchuna gome; mwisho naondoa kisiki nje kidogo ya uvimbe.

Na vyombo osha kwa spiriti kila unapohama mti. Safari hii panga halina hatia, lakini yapo magonjwa linayoyabeba kweli.

Mama Chai (Nandi Hills)

Huku kwetu adui ni Armillaria, kuvu mwingine wa mizizini, na naona vijana wengi wanauchanganya na ugonjwa huo wako. Mti unakauka wote, halafu chai iliyo karibu inafuata, kichaka baada ya kichaka. Chuna gome pale chini. Ukikuta utando mweupe umelala kati ya gome na mbao kama karatasi iliyolowa, na unanuka uyoga mbichi, ndio huo. Unaishi kwenye mizizi ya miti ya zamani iliyobaki ardhini. Wazee walitufundisha kuchuna gome pete nzima na kuuacha mti ukauke umesimama kabla ya kuukata, mizizi iishiwe na chakula. Ila hiyo ni ya shambani, usiifanye kwenye lango la watu.

Msomaji wa Kakamega

Mkalitusi wangu una vivimbe kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye vikonyo. Ni kuvu pia?

Mzee wa Londiani

Hapana, huyo ni mdudu. Ni nyigu mdogo sana kutoka Australia, alionekana magharibi mwa Kenya mwaka 2002. Anaumiza zaidi miche na machipukizi. Saipresi nayo ikibadilika kahawia, tenganisha matawi utazame vidukari kwanza, waliingia nchini mwaka 1990. Na si kila mti unaokufa una ugonjwa. Tazameni migunga ya Ziwa Nakuru, maji yalipopanda ilikufa imesimama kwa sababu mizizi ilikosa hewa.

Kijana, usimwambie mama jina la ugonjwa kwa kukisia. Kata kipande cha mzizi pale mbao nzima inapokutana na iliyooza, pamoja na kipande cha uyoga. Funga kwa gazeti, si kwa nailoni, maana kwenye nailoni kitaoza. Peleka KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo hapa Londiani na kingine Maseno.

Kamba na Msumeno

Nimerudi leo alasiri. Nimetoa kabro nne na kugonga kuzunguka. Upande wa barabara mlio ni mkavu. Kuanzia langoni hadi upande wa nyumba, karibu nusu ya mzingo, unalia mtupu. Bisibisi yangu ya inchi kumi imeingia hadi kwenye mpini bila nguvu, ikatoka na mbao nyeupe laini kama sponji. Mama alikuwa amesimama nami, nikampa naye asukume. Alinyamaza kwa muda. Kisha nikamwambia yote: mizizi, na kosa langu la kukata vichwa.

Fundi wa Nyalenda

Basi huo unaondoka, na wewe usijifunge kwenye shina hilo. Tafuta lori lenye kreni, ukate vipande kutoka juu ukiwa kwenye kikapu. Kama waya wa umeme uko karibu, kampuni ya umeme izime kwanza. Kibali cha kaunti mama akiombe yeye, mti ni wake. Mpaka siku hiyo, wekeni kamba watu wapite upande wa pili.

Mama Chai

Ng'oeni na kisiki, na mizizi minene mnayoweza kuifikia. Msipande mti mwingine shimo lile lile.

Kamba na Msumeno

Kamba nimeshaifunga jioni hii, na mama amewaambia walinzi. Kibali anaenda kukiomba kesho. Kazi ya kuuondoa nimemwambia nitamfanyia bila malipo yangu, alipe kreni tu. Vipande vya mzizi viko kwenye gazeti, Jumatatu asubuhi napanda matatu ya Londiani.